Shahidi wa Mwisho wa Mpaka

Ploti ya "50 kwa 100" ni kipimo ambacho kila dalali wa Meru na Embu anakijua kwa moyo. Huiita thumni ya ekari, ingawa futi za mraba 5,000 hazifikii thumni halisi, ambayo ni 5,445; tofauti hiyo hunyamaziwa na mwuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Mtu akishaipata na kutaka kujenga, mchoraji wa nyumba humwomba karatasi ya sabeya: orodha ya bikoni, na baina ya kila bikoni mbili namba mbili, pembe ya mwelekeo na umbali. Kazi ya kwanza ya mchoraji ni kuigeuza orodha hiyo iwe umbo kwenye kompyuta. Inaonekana kazi ya karani tu. Ukiitazama kwa karibu utakuta mila kadhaa za dunia zimekutana ndani yake, na hazikubaliani.

Tuseme karatasi inaagiza hivi: kutoka bikoni ya kwanza elekea nyuzi 62 dakika 30, mita 30.48, kisha nyuzi 152 dakika 30, mita 15.24, kisha nyuzi 242 dakika 30, mita 30.48, kisha nyuzi 332 dakika 30, mita 15.24, urudi ulikoanzia. Mchoraji anafungua AutoCAD. Anaandika alama ya @, umbali, alama ya <, kisha pembe, mara nne. Mistari inatokea na kufunga bila kuacha pengo hata la milimita. Eneo linasoma mita za mraba 464.5, kama ilivyotarajiwa. Na ploti yote imelala mahali pasipo pake, pengine katikati ya migomba ya jirani.

Sababu ni kwamba programu hiyo, ikiachwa ilivyotoka kwa watengenezaji, huanza kuhesabu pembe kutoka mashariki na kuzunguka kinyume cha saa, ilhali mpima ardhi wa Kenya huanza kaskazini na kufuata saa. Nyuzi 62 na nusu za mpimaji zimegeuka kuwa 27 na nusu, kaskazini imekaa kwenye kiti cha mashariki, na umbo limepinduka kushoto kulia. Kwa kuwa upinduzi wa aina hiyo haubadili urefu wala eneo, hakuna onyo litakalotokea. Dawa ni ndogo: kwa amri ya UNITS sufuri huhamishiwa kaskazini na mzunguko ukaelekezwa kufuata saa. QGIS, programu huria ya ramani, ikipima mwelekeo kati ya nukta mbili huhesabu kutoka kaskazini. Moja ilitengenezewa wachoraji wa mitambo na majengo, nyingine wachoraji wa ramani, na kila moja imebaki na desturi ya watu wake.

Wala hakuna upande uliokosea. Kuanzia mashariki ni desturi ya wanahisabati, ambao huuweka mhimili wa kwanza mkono wa kulia na kupanda kuelekea wa pili. Kuanzia kaskazini ni desturi ya mabaharia na wapimaji walioishi kwa dira. Wapimaji wa Afrika Kusini wana yao ya tatu: katika mfumo wao wa taifa sufuri iko kusini, na namba huongezeka kadiri unavyokwenda kusini na magharibi. Mwenye kuzoea ramani za Nairobi akifungua mchoro wa Pretoria huhisi kama ameshikishwa karatasi juu chini. Wamarekani nao huigawa duara robo nne na kuhesabu kutoka kaskazini au kusini, kwa hiyo nyuzi 152 dakika 30 kwao ni kusini nyuzi 27 dakika 30 kuelekea mashariki. Mila hiyo haihitaji namba yoyote inayozidi 90, na mwenye kuisoma huona papo hapo anaelekea upande gani wa dunia, jambo ambalo 242 haimwambii mtu asiyezoea. Kinyume chake, mfumo wa Kenya humpunguzia karani herufi za kukosea. Faida za kila upande ni za kweli.

Meru ina mtihani wake wa ziada. Ikweta hupita kati ya mji wa Meru na Nkubu, mwendo mfupi wa matatu. Mfumo wa UTM unaotumika katika ramani nyingi za Kenya huziweka Meru na Embu katika kanda ya 37, lakini kanda hiyo ina nusu mbili. Kaskazini mwa ikweta hesabu huanza sufuri. Kusini, ili zisitokee namba hasi, ikweta yenyewe hupewa milioni 10 na hesabu ikapungua. Basi bikoni ya mjini Meru inaweza kusoma mita 5,000 hivi, na ya Nkubu mita 9,992,000 hivi. Ziweke katika faili moja bila kufikiri na utakuwa umewatenganisha watu wanaosali kanisa moja kwa karibu kilomita 10,000. Njia ya kawaida ni kuchagua nusu moja na kubaki nayo hata ukivuka mstari, namba zikapita milioni 10 bila kumdhuru mtu. Embu, iliyo kusini kabisa mwa ikweta, haiujui mtihani huu.

Ramani kongwe zaidi za mipaka nchini hazikutumia UTM. Zilitumia makadirio ya Cassini, yaliyobeba jina la ukoo wa wachoraji ramani wa Ufaransa, na vipimo vilikuwa kwa futi. Nchi iligawanywa katika mikanda ya upana wa nyuzi mbili, na Meru na Embu zikaangukia mkanda wa longitudo ya 37. Uingereza nayo ilitumia Cassini katika ramani zake za majimbo hadi karne ya 20, kwa hiyo aliyechora shamba la Runyenjes na aliyechora shamba la Kent walisomea hesabu ileile. Hata hivyo ardhi haikuwatendea sawa. Karibu na ikweta kaskazini ya gridi na kaskazini ya kweli zinakaribia kuwa kitu kimoja. Mjini Meru, katika UTM, zinatofautiana kwa sekunde chache tu za pembe. Huko Norwich, mashariki ya Uingereza, gridi ya taifa hutofautiana na kaskazini ya kweli kwa zaidi ya nyuzi mbili na nusu. Mhandisi wa Meru anaweza kustaafu bila kuisikia habari hiyo.

Hizi zote bado ni tofauti za kuandika. Mtu akijua desturi iliyotumika, anageuza na kuendelea na kazi. Ipo tofauti nyingine ambayo programu haina kitufe chake, nayo ndiyo inayopeleka watu mahakamani: namba, ramani, ua, jiwe na wazee wakitoa ushahidi unaopingana, nani husikilizwa mwisho?

Kenya ina majibu mawili yanayoishi kaunti moja. Kwa ardhi iliyopimwa kwa bikoni na kuchorewa ramani ya hati, hasa mijini na katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi, mpaka ni thabiti: pembe na umbali viliandikwa, bikoni zikafukiwa kwenye zege, na mpimaji mwingine anaweza kuzirudisha zikipotea. Mila hiyo hufungamanishwa na Robert Torrens na sheria ya Australia Kusini ya 1858. Lakini mashamba mengi ya wananchi wa Meru na Embu, yale yenye majina kama Ntima/Igoki, Abothuguchi/Katheri, Kagaari/Kanja au Ngandori/Kirigi, yako chini ya mipaka ya jumla. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema wazi kwamba ramani ya msajili huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ilipothibitishwa kwa utaratibu wa kifungu cha 19. Hati yenyewe huandika eneo la kukadiria. Kwa lugha nyingine, sheria imemwambia mwenye shamba: ukitaka kujua mpaka wako, usiangalie karatasi, nenda shambani.

Fikra hiyo ilitoka Uingereza, ambako kifungu cha 60 cha sheria ya usajili ya 2002 bado kinaitunza. Mwingereza hupewa ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, yenye mstari mwekundu kuzunguka nyumba yake, na mstari huo haudai kuwa sahihi kwa sentimita. Mpaka wenyewe uko kwenye ua, ukuta au mtaro. Kuna hata kanuni ya zamani ya ua na mtaro: inachukuliwa kwamba aliyechimba alichimba ukingoni mwa ardhi yake, akatupa udongo upande wake, akapanda ua juu ya tuta, kwa hiyo mpaka ni ukingo wa mtaro ulio mbali na ua. Kesi ya aina hiyo ilifika hadi juu kabisa kwenye Nyumba ya Malodi mwaka 1999, na kanuni ikasimama. Sheria nzima imejengwa juu ya kukisia adabu ya mkulima aliyekufa zamani.

Lakini linganisha umri wa nyua zenyewe. Kule Uingereza nyua nyingi zilitangulia, baadhi kwa karne kadhaa, na mchora ramani akaja kuandika alichokikuta. Huku Mlima Kenya mambo yalikwenda kinyume. Mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni, uliagiza vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikusanywe, kila mwenye navyo apewe shamba moja na hati. Kazi iliendelea katika Embu na Meru mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, ikisimamiwa na kamati za wazee. Vipande hivyo havikuwa vimetawanyika kwa ujinga. Familia ilihitaji kidogo kule juu kwenye baridi na kidogo kule chini kwenye joto na mtama, ili mvua ikikosekana upande mmoja, upande mwingine uwalishe. Baada ya kukusanya, wakulima walitakiwa kupanda nyua kwenye mipaka mipya, zikue, ndipo ndege ipite tena kupiga picha na ramani ichorwe kutoka kwenye picha hizo. Sehemu nyingi ndege ya pili haikuja. Ramani ya muda, iliyochorwa juu ya picha za mwanzo ambazo mara nyingi hazikusahihishwa kwa miteremko, ikabaki kuwa ramani ya kudumu.

Kwa hiyo sheria ni moja, na ua ni wa aina mbili. Ua wa Kent ni kumbukumbu iliyosubiri ramani. Ua wa Kagaari ulipandwa kwa amri, uonekane angani. Hilo halikuufanya wa bandia. Baada ya miaka sitini michongoma, minyaa na mistari ya miti ya mukima imekuwa mizee, imerithiwa, imekatwa kuni na kuchipua tena, na wajukuu hawajui kwamba iliwahi kuwa agizo la ofisa. Katika mabonde ya Embu mukima kwenye mpaka ni mbao, ni kivuli cha kahawa na ni ushahidi, vyote kwa pamoja. Sehemu nyingine za Meru, hasa Tigania na Igembe, shughuli ya ukusanyaji na ugawaji imeendelea kwa miongo mingi baada ya uhuru, na huko bado wapo watu wenye shamba, ua na nyumba bila kuwa na hati.

Sasa mlete mchoraji na programu yake. Ramani ya msajili imechorwa kwa kipimo cha 1:2,500, ambapo milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Mstari wa wino wenye unene wa milimita 0.3 unafunika sentimita 75 shambani, upana wa njia ya mguu. Mchoraji anaipiga picha karatasi hiyo, anaiweka chini ya mchoro wake, anaifuata kwa kipanya, na programu inamrudishia pembe hadi sekunde na umbali hadi milimita. Namba hizo hazikutoka kwa mpimaji yeyote. Zilizaliwa pale kipanya kilipobonyezwa. Ila zikishaandikwa kwenye mchoro, hakuna kinachozitofautisha na namba za ramani ya hati iliyopimwa kwa bikoni. Mila mbili ambazo sheria imezitenganisha kwa makusudi zimechorwa kwa mstari mmoja, rangi moja, unene mmoja. Mistari kama hiyo ndiyo huanzisha mazungumzo yanayosikika shambani mara kwa mara:

"Kijana, mstari wako ni mnyoofu, lakini huu ua ulipandwa na marehemu baba."

"Ni kweli, mzee, lakini kompyuta inaonyesha umeingia mita moja na nusu."

Kijana huyo ana vifaa bora kuliko aliyechora ramani ile. Mzee, kwa mujibu wa kifungu cha 18, ndiye aliye karibu zaidi na sheria.

Kabla ya hati na ndege mipaka ilikuwapo, na ilikuwa na elimu yake. Mashamba ya miteremko ya Mlima Kenya yalikatwa kwa mapande marefu kutoka mgongoni mwa kilima hadi mtoni, kwa hiyo pande mbili za shamba zilikuwa kazi ya Mungu na zilizobaki mbili ndizo zilizohitaji mashahidi. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha 1938, aliandika jinsi Wakikuyu walivyopanda miti na mayungiyungi mpakani mbele ya wazee, kwa sadaka. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki zilichagua mmea wa jamii moja bila kuulizana: Wachaga hupanda masale, Waganda hupanda oluwanyi, na mimea yote miwili ni ya jenasi ya Dracaena, mmea usiokufa kwa urahisi na usiofanana na magugu yanayouzunguka. Hapo pia pana tofauti ya kuangaliwa. Jani la sale kwa Mchaga ni pia jani la kuombea msamaha, kwa hiyo mmea uleule hutenga watu na kuwapatanisha.

Huko Meru kauli ya mwisho ilikuwa ya Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru. Halijawa historia. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuendeleza njia za jadi za kutatua migogoro, na kesi za mashamba Meru zimewahi kupelekwa kwa Njuri na kurudi na uamuzi. Uzito wake uko katika kiapo. Anayedai mpaka hula kiapo cha nthenge, beberu, na asemaye uongo hujitwisha laana yeye na kizazi chake. Mkosoaji atasema hicho si kipimo. Ni kweli. Kiapo hupima msemaji, na fimbo ya mpimaji hupima ardhi, na kwenye mgogoro wa mpaka mara nyingi anayehitaji kupimwa ni msemaji.

Anayedhani hayo ni ya Afrika peke yake aende Bavaria, kusini mwa Ujerumani, hasa eneo la Franken. Kule kijiji huwa na waapishwa wa mipaka, ambao kwa desturi walikuwa saba na bado huitwa Wasaba. Huapishwa kwa maisha yao yote. Chini na kando ya kila jiwe la mpaka huzika alama za siri, vigae vya udongo vyenye umbo na mpangilio unaojulikana kwao tu, na siri hiyo hupitishwa kwa mdomo, haiandikwi. Jiwe likihamishwa usiku, mwizi haijui alama iliyo chini; Wasaba wakichimba, jiwe la uongo hukutwa halina shahidi. Wakati huohuo Bavaria ina ofisi za serikali za upimaji zenye mitambo ya setilaiti kama popote Ulaya. Wasaba hutembea pamoja na wapimaji hao, wakiweka mawe pale mitambo inapoonyesha. Mwaka 2016 Ujerumani iliiingiza mila hiyo katika orodha yake ya taifa ya urithi usioshikika.

Ukiweka Njuri na Wasaba upande kwa upande, mfanano unavutia: kiapo, siri, wazee wanaoheshimika, na imani kwamba mpaka ni mali ya jamii kabla haujawa wa majirani wawili. Tofauti nayo ni kubwa. Msaba hashughuliki na nani mwenye shamba. Anashuhudia mahali jiwe lilipo, basi. Njuri husikiliza nasaba, ahadi za marehemu, mahari, mbuzi aliyetolewa au asiyetolewa, na mpaka ni sehemu tu ya shauri hilo. Huko Mbeere, upande wa chini wa Embu, Jack Glazier alionyesha katika kitabu chake cha 1985 jinsi ugawaji wa ardhi ulivyozifanya koo zirudi kuzisimulia nasaba zao upya, kwa sababu aliyethibitisha babu alithibitisha shamba. Msaba wa Franken hana kazi hiyo, kwa kuwa daftari la ardhi limekwisha kuifanya.

Waroma walizika majivu na makaa chini ya mawe ya mipaka, na tarehe 23 Februari majirani walikutana kwenye jiwe lao kumtolea sadaka mungu Terminus. Wababeli waliandika laana kwenye mawe ya kudurru. Torati inamlaani anayesogeza mpaka wa jirani, na sheria ya Kenya humfanya mhalifu anayeng'oa au kuharibu alama za mpaka. Kila mahali kuna adhabu. Wengine huikabidhi kwa miungu, wengine kwa hakimu.

Marekani ilipanga mashahidi wake kwa cheo. Hati zake za zamani humtembeza msomaji kwa maneno: kutoka mwaloni fulani, elekea pembe fulani, minyororo kadhaa, hadi jiwe kwenye kona ya jirani. Vitu hivyo vikipingana, mahakama kwa kawaida hutanguliza alama za asili kama mto na mti, halafu alama zilizowekwa na watu, halafu pembe na umbali, na mwisho kabisa eneo. Mnunuzi wa Meru huenda kwa mpangilio uliopinduka: kwanza huuliza ni ekari ngapi, kisha huangalia bikoni, na mto hukumbukwa msimu wa mvua. Simlaumu, maana bei yake imetajwa kwa ekari.

Singapore iko ncha nyingine kabisa. Tangu 2004 upimaji wake wa mipaka umefungwa kwenye mfumo mmoja wa namba wa taifa, SVY21, na namba za kona ndizo ushahidi mkuu. Jiwe linaweza kupotea chini ya barabara na mpaka usitikisike. Inawezekana kwa kisiwa kidogo chenye ofisi moja ya upimaji na vituo vya setilaiti vya kudumu. Ni mila inayojitegemea kikamilifu, na kwa mantiki yake ua ni pambo la bustani.

Rwanda ilikuwa na mlima wa kazi na muda mfupi, ikachagua njia ambayo Meru ya miaka ya 1960 ingeitambua. Katika zoezi lililoenea nchi nzima hadi 2013, zaidi ya vipande milioni 10 viliandikishwa. Vijana waliofunzwa kwa muda mfupi walibeba picha za angani zilizochapishwa, majirani wakasimama kwenye mpaka wao, na mstari ukachorwa juu ya picha mbele ya macho yao. Ni mipaka ya jumla, kama ya Kagaari. Kilichobadilika ni kwamba picha zilikuwa zimesahihishwa kwa miteremko, na kutosubiri nyua zikue kuliwaokolea ile ndege ya pili ambayo Kenya haikuiona. Anayesema mipaka ya jumla ni uvivu wa kikoloni ana jambo la kujibu hapa.

Basi mchoraji afanye nini? AutoCAD na wenzake wana kitu ambacho mchora ramani wa Kent wa zamani na ofisa wa Embu wa 1960 hawakuwa nacho: tabaka. Mistari iliyotoka kwenye pembe na umbali wa ramani ya hati inaweza kukaa kwenye tabaka moja, mistari iliyofuatwa kutoka kwenye ramani ya msajili kwenye tabaka la pili kwa mstari wa vipande, na ua, mukima, mtaro na bikoni zilizoonekana shambani kwenye la tatu. Wapimaji makini hufanya hivyo. Wachoraji wengi wa nyumba hawafanyi, kwa sababu mteja anataka karatasi safi ya kupeleka kaunti, na mistari mitatu isiyolingana humfanya aulize maswali. Jirani akilalamika, kifungu kilekile cha 18 kinaizuia mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla haujaamuliwa kwa utaratibu wake. Msajili wa ardhi huwaita wenye mashamba, huja na mpimaji wa serikali, huangalia ramani, hupima, huuliza wanaokumbuka. Mchoro wa tabaka tatu humsaidia kuliko mchoro mzuri.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu Aprili 2021, serikali ilipozindua Ardhisasa, mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za ardhi kwa kompyuta, kwa kuanzia Nairobi. Karatasi za msajili zinapogeuzwa kuwa data, kila kona ya shamba hupata namba zake, na namba hupenda kusomwa kama za Singapore hata pale sheria inapozisoma kama za Kent. Kuandika kando ya kila kona namna ilivyopatikana, kama ilipimwa kwa mtambo, ilifuatwa kwenye picha au ilionyeshwa na majirani, si kazi ngumu kwa kompyuta. Ni safu moja ya ziada kwenye jedwali. Kazi ni kumshawishi anayeijaza asiandike "imepimwa" kwa kila shamba la Tigania.